Notburga na Kompyuta ya Ofisi ya Kahawa

Mwaka 2003, watu wa Mbinga mjini walimjua Notburga Kinunda kama mama wa taipureta. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza jirani na mahakama, na juu yake mashine nzito ya chuma iliyokalia blanketi lililokunjwa mara nne ili isiruke wakati wa kuchapa. Mbele ya meza kulikuwa na kiti kimoja cha mteja. Hapo alichapa maombi ya kazi, barua za mirathi na mikataba ya watu kuuziana mashamba. Kisha Adinani, mwenye duka la vifaa vya ofisi upande wa pili wa barabara, akaleta kompyuta mbili kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo wateja walimpita Notburga kwa adabu, "Shikamoo mama," halafu wakavuka barabara.

Hakumchukia Adinani. Alikuwa mtu mwema, na mkewe Halima alimletea Notburga chai ya tangawizi mara kwa mara, wakiteta kidogo kuhusu bei ya sukari kabla ya kila mmoja kurudi kwenye shughuli zake. Kilichomchoma ni kwamba yeye alikuwa amekaa mbele ya kompyuta miaka kumi na miwili nyuma, wakati Adinani bado anauza kanga na mafuta ya taa. Hilo hakumwambia mtu. Na angemwambia nani? Mumewe Wendelin, dereva wa malori, alifariki mwaka 1986. Binti yao wa pekee, Scholastica, alikuwa mtawa katika nyumba ya masista mbali sana, akiandika barua kila Noeli. Ndugu waliobaki kijijini Mkumbi walikuwa wa kuonana misibani. Zilikuwepo siku ambazo Notburga alifungua mdomo asubuhi kumjibu mwenye maziwa, na hakuufungua tena kwa maneno ya maana mpaka kesho yake.

Alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya ushirika uliokuwa ukikusanya kahawa ya wakulima, kwanza mpigachapa, baadaye katibu muhtasi. Mwaka 1991 wafadhili walileta kompyuta moja. Watu wawili tu walichaguliwa kufundishwa: Notburga, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi na hakosei, na Ignatio, fundi wa mashine za ofisi, mwenyeji wa Liuli kule ziwani. Walifundishwa wiki tatu. Kompyuta ile haikuwa na picha wala kipanya. Kioo kilikuwa cheusi, na herufi nyeupe zilikaa zikisubiri amri. Ukikosea herufi moja inakujibu kwamba haielewi, basi. Notburga aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ignatio aliyapenda ya ndani yake, bodi na nyaya, na wakati wa chakula cha mchana walikaa wawili chumbani mle wakila mihogo na kubishana kwa nini amri fulani imekataa. Ulikuwa urafiki wa kazini tu, hakuna aliyeunong'ona vibaya, ila ndio urafiki pekee aliokuwa nao.

Soko la kahawa lilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini, na ushirika ukaanza kunyauka. Mwaka 1995 ofisi ilipunguza watu. Nitasema baadaye jinsi ilivyokuwa. Kwa sasa itoshe kwamba Ignatio aliondoka na hakumuaga Notburga, na miezi saba baadaye Notburga naye akaondoka, na kompyuta ikasukumwa ghalani.

Ilikaa huko miaka minane. Mfilisi alipokuja kuuza mabaki ya ushirika, Notburga alisikia sokoni kwamba ghala limefunguliwa, akaacha meza yake bila hata kuifunika akaenda. Aliikuta nyuma ya rundo la magunia, kioo chake kimefunikwa vumbi la maganda ya kahawa, na printa yake pembeni. Aliuliza kama inauzwa. Karani wa mfilisi aliicheka, si kwa ubaya, akasema haimo hata kwenye orodha ya mali kwa sababu mtaalamu aliandika kwamba ni takataka. Kama mama anaitaka, na aichukue, itawapunguzia kazi ya kuitupa.

Akakodi mkokoteni.

Nyumbani aliifungua kwa bisibisi aliyoazima. Panya walikuwa wamejenga humo, wakaacha kiota cha nyuzi za katani na majani makavu ya mahindi. Alikisafisha kwa brashi ya rangi, taratibu, siku mbili nzima, kama mtu anayemtoa mtoto chawa. Umeme wa mjini uliporudi aliiwasha. Feni ilikoroma, taa ya kijani ikawaka, na kwenye kioo yakatokea maneno kwamba mashine haina habari ya diski yake ya ndani, iandikiwe namba ya aina ya diski hiyo.

Notburga alikaa akiyatazama maneno yale. Mashine ilikuwa hai. Ila betri ndogo iliyokuwa inaitunzia kumbukumbu ilikuwa imekufa, na bila namba ile haikujua kwamba ina kitu chochote ndani.

Alimwita Adinani aje kuona. Adinani alikuja na CD ya programu mpya mkononi, akaizunguka mashine mara mbili akitafuta pa kuiingiza, hakuna. Alimweleza kwa upole kwamba programu za siku hizi ni nzito, zinataka kompyuta yenye nguvu mara mia ya hii. Kuipandishia hii Windows ni kumtwika kuku gunia la mahindi. Programu pekee inayoweza kuibeba ni ile ya zamani iliyokuja nayo, inayoenea kwenye disketi mbili tatu. Disketi hizo yeye hajawahi kuziona. "Labda aliyekuwa fundi wake anazo," alisema.

Notburga alijua hivyo tangu dakika ya kwanza. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia kwamba kuna njia nyingine.

Yalipita majuma matatu kabla hajakwenda. Alijipa sababu: mvua, barabara, mteja aliyeahidi kuja. Asubuhi moja alijikuta amekaa kwenye meza yake ya kibarazani mpaka saa sita bila mtu hata mmoja kukikalia kile kiti, akafunika taipureta, akaenda kumuuliza dereva wa lori la usipa, wale dagaa wa ziwani, kama ana nafasi.

Dereva yule, Pankras, alimweka mbele pamoja naye. Barabara iliteremka kwa kona baada ya kona, baridi ya milimani ikaachwa nyuma, Notburga akavua sweta, na ziwa likaonekana chini, jeupe kwa jua. Alikuwa hajaliona tangu alipoolewa. Pankras aliongea njia nzima habari za matairi. Notburga aliitikia, na ndani ya kichwa chake akawa anapanga maneno ya kwanza atakayosema, akiyafuta, akiyapanga upya.

Liuli alielekezwa nyumba moja nyuma ya hospitali ya misheni. Aliyempokea alikuwa Eunice, mke wa Ignatio, mwanamke mrefu aliyekuwa anaanika usipa juu ya mkeka wa matete. Walijuana kwa mbali tangu Mbinga. Eunice alimkaribisha kiti na maji bila kuuliza amefuata nini, kisha akaingia ndani. Notburga alisikia sauti mbili zikizungumza.

Ignatio alitoka. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, na mikono ileile iliyokuwa haitulii. Pale kibarazani palikuwa na cherehani mbili na redio iliyo wazi. Ndiyo kazi aliyokuwa akifanya siku hizi. Alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni wa serikali, akakaa, akashika redio yake na bisibisi.

Notburga alimweleza. Alieleza ghala, panya, betri iliyokufa, maneno yale kwenye kioo. Alipofika kwenye kiota cha panya aliona bisibisi imesimama. Ila Ignatio hakuinua macho. Alipomaliza, Ignatio alimwambia mkewe amletee lile kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani yake, zimefungwa kwa mfuko wa nailoni, zilikuwemo disketi saba zenye mwandiko wake wa kuinamia kushoto.

"Hizo hapo," alisema. "Chukua."

"Na namba, fundi?"

Ignatio aliinuka akaenda nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo pa kusema ilivyokuwa mwaka 1995. Jumatano moja meneja alimwita Notburga, akafunga mlango, akampa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: majina arobaini na matatu ya watu watakaopunguzwa kazini mwisho wa mwezi. Aichape kwenye kompyuta, nakala mbili, na aape kutomwambia mtu. Jina la Ignatio lilikuwa la kumi na tisa. Notburga alichapa. Ijumaa ya juma lile, wakila mihogo yao, Ignatio alimweleza kwa furaha kwamba amepata kiwanja Mbinga mjini na mafundi wameanza kuchimba msingi. Liuli atarudi uzeeni tu. Notburga alitabasamu akampa mkono. Jumatatu orodha ikabandikwa ukutani. Kila mtu ofisini alijua nani anachapa karatasi za meneja, na Ignatio hakuhitaji kuuliza. Msingi ule uliota nyasi. Kiwanja kikachukuliwa na mwingine.

Usiku ule wa kufika Liuli, Notburga alilala kwa Eunice, kwenye chumba cha mabinti waliokwisha kuolewa. Chakula cha jioni Ignatio alikula ndani peke yake. Eunice alimwambia tu kwamba mzee wake si mtu mbaya, ila akishafunga mlango hata mwenyewe hupoteza ufunguo.

Asubuhi Notburga alimkuta Ignatio ameshaanza kazi kwenye cherehani. Akasimama mbele yake na mfuko wa disketi mkononi. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekwisha.

"Niliapishwa, fundi," alisema. "Meneja aliniapisha nisiseme."

Ignatio aligeuza gurudumu la cherehani polepole, akalisimamisha.

"Kuapishwa naelewa. Kazi ni kazi. Lakini Jumatano ulichapa, na Ijumaa ukanipa mkono. Ungekaa kimya tu, Notburga. Ungekula mihogo yako ukakaa kimya. Mimi ningekuja kuelewa."

Notburga alimshukuru Eunice, akatembea kwenda barabarani ambako Pankras alikuwa akipakia. Magunia yalipandishwa, turubai likafungwa kwa kamba. Alikuwa amekwisha kaa mbele aliposikia mtu anagonga mlango wa lori kwa kiganja. Ignatio alikuwa amesimama chini kwenye mchanga, anahema, kana kwamba amekuja kwa haraka.

"Kumi na saba," alisema. "Diski ya aina ya kumi na saba. Na ikikataa kuzunguka, usidhani imekufa, imeganda tu. Ifungue, uishike kiganjani hivi." Alionyesha kwa mkono mtupu. "Uizungushe ghafla mara moja, kama mtu anayemwaga makapi ya chai. Usiigonge."

"Kumi na saba," Notburga alirudia.

Ignatio alikwisha kugeuka.

Mashine ilikataa mara nne. Aliandika kumi na saba, ikakubali kuwa ina diski, lakini diski yenyewe ilikaa kimya kama jiwe. Aliifungua, akaishika kiganjani, akaizungusha kama alivyoonyeshwa, akairudisha. Mara ya tano alisikia mlio mwembamba ukipanda, ule aliokuwa anausikia kila asubuhi akiwa bado na ofisi ya kwenda, na machozi yakamtoka bila kumwuliza. Alitia disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafuata mwandiko ule wa kuinamia kushoto ulioeleza ipi iingie lini, na programu ya zamani ikakaa mahali pake. Kioo kikawa cheusi, herufi nyeupe zikasimama zikisubiri amri.

Kitu cha kwanza mashine ilichomwambia kilikuwa tarehe. Kwa kuwa haikuwa na betri, haikujua miaka imepita; ilisema leo ni Jumanne, tarehe mosi Januari 1980. Notburga aliitazama tarehe hiyo muda mrefu. Mwaka ule Wendelin alikuwa amemwoa tu, na Mwaka Mpya walikuwa kwao Mkumbi, mvua inanyesha, Wendelin anamenya ndizi na kuchekwa na shemeji zake. Alijua anapaswa kuandika tarehe ya kweli. Aliiacha vile mpaka umeme ulipokatika.

Kesho yake aliandika tarehe sahihi, akaiamuru mashine imwonyeshe yaliyomo ndani. Mafaili ya zamani yalipanda kwenye kioo: barua za mikutano, taarifa za msimu, na katikati yao orodha ile. Alisita, akaifungua. Majina arobaini na matatu, kwa mpangilio mzuri alioujua kuwa wa kwake. Alishuka mpaka la kumi na tisa. Lilikuwa limeandikwa "Ingatio."

Katika miaka yake yote ofisini hakuwahi kukosea jina la mtu. Meneja mwenyewe hakuliona kosa, wala waliosoma ukutani hawakulisema. Vidole vyake vilikosea siku ile, na yeye hakuwa na habari. Au alikuwa nayo. Akiwa amekaa pale alikumbuka maneno yote ya meneja, si yale ya kiapo tu. Meneja alisema pia kwamba habari hii ikivuja, jina la arobaini na nne analijua. Kiapo kilikuwa kisingizio tu. Alikuwa mjane mwenye binti shuleni, na aliogopa, na kwa sababu ya woga ule ule alitabasamu Ijumaa, ili uso wake usimchongee.

Alichapa barua. Ilimchukua siku tatu ingawa haikujaza nusu ukurasa. Aliandika kwamba kiapo hakikumzuia, alijizuia mwenyewe kwa kuogopa kazi yake, na kazi hiyo ikamfaa miezi saba. Aliandika kwamba mkono ule wa Ijumaa hana maelezo yake. Aliandika kwamba diski inazunguka. Printa iliinakili kwa kelele za sindano zake, utepe wake umefifia kiasi kwamba ilibidi apitishe karatasi ileile mara mbili, na herufi zikatoka na kivuli. Alimpa Pankras aipeleke Liuli.

Orodha aliifuta. Programu ile ya zamani haiulizi kama una hakika. Ukiiambia futa, inafuta, na kioo kinarudi kusubiri.

Kazi ilianza kuja kidogo kidogo. Adinani alikuwa wa kwanza kumletea wateja, kwani kompyuta zake zilishikwa na virusi mara kwa mara, na ya Notburga ilikuwa ya zamani mno kwa virusi hata kuijua. Mwalimu mmoja wa Mpepai alimpa mitihani ya darasa la saba aichape, akavutiwa kwamba makosa yanasahihishwa kabla karatasi haijachafuka. Kwaya ya parokia ilileta nyimbo zake. Notburga aliondoka kibarazani, akafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, na taipureta akaiweka chini ya kitanda. Kila asubuhi aliandika kumi na saba, kisha tarehe ya siku, kabla mashine haijakubali kitu kingine chochote. Watu walikuja, wakasubiri, wakachukua karatasi zao wakaenda. Chumba kilikuwa na sauti sasa, sauti ya feni. Hakuwa na mtu wa kubishana naye kwa nini amri fulani imekataa. Ikikataa alibishana peke yake, kwa Kimatengo, na mara nyingine akajikuta ameacha kimya kidogo, nafasi ya mtu mwingine kujibu.

Kila Pankras alipopita alimuuliza kama ana chochote kutoka Liuli. Pankras alisema barua aliifikisha, mzee aliipokea mwenyewe, akaitia mfukoni. Basi. Ikapita Noeli, Scholastica aliandika kwamba anamwombea. Zikapita mvua.

Kabla ya Pasaka Pankras alisimamisha lori mbele ya nyumba na kumshushia kifurushi kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba: usipa, waliokaushwa vizuri, wanaotosha watu sita. Hapakuwa na barua. Notburga alifungua kila jani akatazama.

Alimuuliza ni nani aliyempa, mzee au mama.

Pankras alikuna kichwa. Siku ile alikuwa na haraka, alisema, mvua inakuja. Kifurushi alikikuta kimewekwa kwenye kiti cha lori, na mtu wa dukani akamwambia hicho ni cha mama wa kompyuta, Mbinga. Aliweka nani, hakuuliza.

Notburga alimshukuru. Aliingia ndani, akazima mashine mapema siku hiyo, akawasha mkaa. Aliwakaanga usipa wachache kwa nyanya na kitunguu, akasonga ugali mdogo wa mtu mmoja, akala polepole mpaka sahani ikabaki tupu. Waliobaki aliwafunga tena katika majani yale yale. Walimtosha juma zima.